Mikwaruzo mitatu kwenye taya la paka wa kale

Niaje wakuu.

Hii sijamsimulia mtu isipokuwa mamangu, na sitaiongezea chumvi. Bila chumvi tayari ilikuwa imenimaliza.

Mimi ni kijana wa mtaa wa Kabiria. Sijasomea mifupa popote. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa kuokota paka na mbwa waliogongwa na magari, nikachemsha vichwa vyao nyuma ya nyumba ili nione meno yamepangwa vipi.

Siku mamangu alipokuta kichwa kimoja ndani ya sufuria yake ya githeri, alinisimamisha mlangoni.

"Baba," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Hiyo sufuria sasa ni yako. Na supu pia ni yako."

Lakini mafuvu hayo ndiyo yaliyonipatia kibarua mjini, kwenye maabara ya mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Contract fupi, ya majaribio. Kazi ni kukaa mbele ya lenzi na sindano, ukitoa mchanga uliogandamana na mfupa, punje kwa punje.

Mimi ni yule mtu wa kurudi kuangalia kufuli mpaka majirani wanamcheka. Pale kazini, ugonjwa huo ukageuka sifa. Msimamizi wetu, Madam Syombua, akanipa kipande cha taya kisichozidi kidole changu cha mwisho, cha kahawia kama chai ya rangi.

"Niambie huyu ni nani."

Nikatazama. Jino la nyuma kabisa lilikuwa na makali kama mkasi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Mbwa, fungo na nguchiro wana jino jingine pale la kusaga. Paka hana. Yeye hukata na kumeza.

"Paka mdogo," nikasema. "Saizi ya wale wa mtaani."

"Sawa. Hao hatuwapati sana. Mifupa yao ni myembamba, inavunjika na kupotea. So pole pole na hiyo."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Ijumaa, karibu saa ya kufunga, mchanga ukabanduka ubavuni mwa taya na nikaona mikwaruzo mitatu imelala sambamba.

Nikajua ni sindano yangu. Ndani ya mikwaruzo bado kulikuwa na punje za mchanga, lakini kwa mara ya kwanza maishani niliacha kazi bila kumaliza. Nikafunika trei, nikatoka.

Jumapili baada ya kanisa nilichukua taya la yule paka wa sufuria, nikalikwaruza kwa sindano. Alama zikatoka upana ule ule. Basi nikapanga: Jumatatu nifike mapema, nitoe zile punje, nilainishe kingo. Nani angejua?

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nikamwambia yote.

"Uko sure ni wewe?"

"Nani mwingine, mum? Ni mimi tu nimeishika."

"Basi peleka hivyo ilivyo. Ukianza kuipamba, utakuwa umedanganya hata kabla ufungue mdomo."

Jumatatu nikampelekea Madam trei. Msamaha nilioukariri njiani tangu Muthangari ukatoka kwa pumzi moja, hata ule mpango wa kulainisha. Aliweka taya chini ya lenzi, akainama kuangalia.

"Kuja uone. Sindano ikikwaruza mfupa kama huu inaacha alama nyeupe. Hizi ni rangi gani?"

"Kahawia."

"Kama taya lenyewe. Na huo mchanga ndani?"

Ulikuwa umegeuka mwamba, umeshika chini kabisa ya mikwaruzo. Hilo halifanyiki kwa wikendi moja. Akageuza taya. Upande wa pili, chini ya mchanga kidogo, kulikuwa na kishimo cha mviringo.

"Ni meno," akasema. "Kuna mtu alikula paka yako."

"Nani?"

"Mla nyama mkubwa kumliko. Jina siwezi kukupatia bado, usinisukume. Lakini ungetoa huo mchanga na kulainisha, hizi zingekuwa tu alama za kijana wa Kabiria."

Nikakaa sakafuni. Madam akauliza mara ya mwisho nimekula lini, kisha akanimiminia chai yake mwenyewe.

Jioni nikamweleza mama. Akauliza, "Na huyo aliyemla, alimchemsha kwanza?"

Wakuu, nilikuwa naamini kazi safi ni ile isiyobaki hata punje. Sasa najua punje nyingine ndizo zilizobeba habari yote. Zile bado ziko pale. Mkono unaniwasha kila asubuhi, lakini sizigusi.

Kuna mwingine humu ameshawahi kubeba kosa ambalo halikuwa lake? Mlilitua vipi? Cyber hii ya Ngara inakaribia kufunga, lakini kesho nitasoma yote.