Vidonge vya Mama

Juzi, katika wodi moja ya Kitale, muuguzi aliweka vidonge vya dada yangu juu ya kabati, akatia alama kwenye chati kwamba mgonjwa amemeza, akaondoka. Dada alikuwa usingizini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa alasiri ile mama alipolazwa Bungoma, nami nikiwa msichana mdogo. Wodi ilinuka dawa ya sakafu na uji uliomwagika. Toroli ya dawa ilipita ikilia magurudumu, vidonge vikaachwa, chati ikaandikwa. Mama alikuwa amelala. Nililamba kidonge kimoja. Kilikuwa kichungu mno, nikaona ni ukatili kumlisha mgonjwa kitu kama hicho. Nikavitupa vyote dirishani.

Alipoamka aliuliza, "Dawa yangu iko wapi?"

"Si ulimeza, mama," nilimjibu, nikijiona nimemtendea wema.

Wiki hiyo tulimzika. Baba alipouliza kama mama alipewa dawa, alionyeshwa chati: kila dozi ilikuwa na alama. Nilitunza rekodi za serikali hadi nilipostaafu, na sijaona uongo ulioandikwa kwa mwandiko safi kama ule.

Nilimwita muuguzi wa Kitale arudi, amwamshe dada, asimame hapo hadi dada avimeze.

"Lakini shosho, si nimeshaandika?" aliuliza muuguzi, akiniita kama bibi yake.

Nilimwambia kwamba hata dawa ya mama yangu iliandikwa.