Bwana Rudi

Pale maabara walimwita Bwana Rudi, na jina lenyewe hakujipa. Kila majibu ya damu yalipogongana, alimwambia mwenye damu neno hilo moja: rudi. Rudi baada ya wiki kadhaa, tutoe damu nyingine. Hata mkewe akimfungulia mlango jioni alimtania, "Haya, Rudi karudi," naye alikuwa hoi bin taabani, hata kucheka kulimshinda.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha. Kipimo cha kwanza cha virusi vya UKIMWI kina wasiwasi. Hushtuka hata pasipo na kitu, ilimradi kisimpitishe mtu mwenye navyo. Kikisema ndiyo, damu hiyohiyo hupimwa kwa kipimo cha pili, cha aina nyingine kabisa. Vikigongana, hapo Bwana Rudi husogea dirishani na kijiti cha kipimo, mkono kiunoni, akakodolea mstari uliofifia mpaka machozi yamtoke.

Damu ya fundi cherehani mmoja, mwanamke mjamzito, iligongana hivyo.

"Sasa ninavyo au sina?" aliuliza.

"Bado sijui, dada yangu. Wakati mwingine mimba nayo huchanganya kipimo. Rudi."

Alikuwa amesema kweli tupu, kwa hiyo hakumfikiria tena. Chupa nyingine zilikuwa zimejaa mezani, na mgongo ulikuwa unamuuma.

Fundi alirudi, damu mpya ikatolewa. Safari hii vipimo vyote vilisema hapana, na maabara kuu nayo ikasema hapana. Bwana Rudi alivua glavu akaenda kumwita mwenyewe, uchovu wote pembeni. Habari kama hizi ndizo zilizomfanya asiache kazi ile.

"Huna, dada. Huna kabisa."

Fundi hakutabasamu. Alikaa tu, mikono juu ya tumbo.

"Asante," alisema. "Mume wangu nilimwambia vilevile ulivyoniambia. Kimoja kimesema ndiyo, kimoja kimesema hapana. Yeye akasikia ndiyo. Kahamia kwa kaka yake, na simu yangu hapokei."

Bwana Rudi aliona aibu, ingawa hakujua kosa lake ni lipi.

"Mlete nimweleze."

"Nimlete vipi, mtu hata mlango hanifungulii?" Fundi alimtazama bila hasira. Kuchoka kwake kulizidi kule kwa Bwana Rudi, na Bwana Rudi alikuwa akidhani hakuna amzidiye. "Huko nje kwenye benchi wanakuita Bwana Rudi, nimesikia. Mimi uliniambia, nimerudi. Na yeye mwambie."

Alimtajia namba. Bwana Rudi alipiga kwa simu yake mwenyewe, na namba ngeni ikapokelewa upesi.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Alijaribu kukumbuka jinsi ya kuanza: salamu, jina, mahali anapopigia. Fundi alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Rudi," akasema, kabla hata hajajitambulisha.