Uji wa Mtalaka

Siku niliyong'olewa gego, mume wangu alifunga duka lake la vipuri kule mtaa wa Gerezani akanirudisha nyumbani, kwenye chumba chetu cha ghorofani hapa Kariakoo. Ganzi ilikuwa haijaisha. Nusu ya uso niliihisi kama ya mtu mwingine. Alinilaza, akaninyanyulia kichwa kwa mito miwili, akafunga barafu kwenye kanga akaniwekea shavuni.

"Usiteme mate ovyo," akaniambia. "Usinywe kitu kwa mrija. Na kusukutua kwa maji ya chumvi, mpaka kesho."

Nilistarehe. Huko chini wauza nguo walikuwa wakinadi kwa vipaza sauti, na mimi nimelala mchana kweupe kama bibi harusi. Tangu anioe sikuwahi kumwona akishika mwiko, na sasa alikuwa jikoni anakoroga uji.

Kisha nikamsikia anaongea na simu. "Unga nauvuruga kwanza na maji baridi? Eeh. Na tui nalitia lini?" Akacheka, kile kicheko cha chini ambacho nilidhani ananichekea mimi peke yangu.

"Nani huyo?" nikauliza. Kwa pamba niliyoing'ata, ikatoka "Hani huho?"

"Mama wa mwanangu," akajibu. "Naye aling'olewa gego zamani, anajua."

Mtalaka wake, anayekaa Buguruni. Basi hata ile mito miwili alielekezwa na yeye! Uji ulipoletwa nikageukia ukutani. Wivu ulinichoma kuliko kidonda.

Kesho yake mwanamke mwenyewe akabisha hodi, na chupa ya uji mkononi. Mume wangu alikuwa dukani. Sikuwa na nguvu za kumfukuza, na tena alikuwa amejifunga kanga nzuri, nami shavu limevimba kama andazi.

"Pole, mdogo wangu," akasema. Akanimiminia. Uji wa mchele, laini, una hiliki. Nilitamani uwe mbaya. Nikaumaliza.

Akaketi ukingoni mwa kitanda akitazama ile kanga yenye barafu. "Jana kanipigia weee," akasema. "Uji unapikwaje, alale vipi, ale nini. Unajua mimi nilipong'olewa langu alifanya nini? Alienda kuangalia mpira. Nilijipikia mwenyewe, damu inanitoka."

Hakusema kwa hasira, ila macho yake hayakutoka kwenye ile kanga. Nikatambua kwamba mwenzangu anaona wivu kama mimi, pengine kunizidi. Ningependa kusema nilimhurumia. Kwanza nilifurahi. Huruma ilikuja baadaye, alipokuwa anashuka ngazi na chupa yake tupu, nami nikashindwa hata kumwita nimwambie asante.

Jioni nikamwomba mume wangu asimpigie tena.

"Sasa nitapikaje?" akauliza.

"Pika unavyojua."

Akapika. Uji ukawa na mabonge, umeungua chini. Nikaunywa wote, taratibu, kwa upande mzima wa mdomo.