Picha ya Kanisa Chumbani kwa Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa mjini Nizwa, huku Uarabuni, nasubiri zamu yangu kwa daktari wa meno, nikafungua jarida kuukuu la mezani. Nikaiona. Maandamano yanatoka kanisani, wanaume wa majoho wamebeba mishumaa mirefu, mazulia yananing'inia madirishani. Mchoro wa kale, waliandika, wa fundi mkubwa wa Ulaya. Nililifunga jarida upesi, maana picha hiyo niliiua mimi.

Nakala yake ilikuwa chumbani kwa bibi, mjini Ibra, huku huku, miaka ya tisini, juu ya sanduku lake la kanga lililonukia udi. Alipewa huko Unguja na jirani yake Mgoa, Mkristo mshona nguo, siku bibi alipohama kwa haraka wakati wa mapinduzi. Huko kila mwaka maandamano ya Wagoa yalipita chini ya dirisha lake, naye akiyachungulia. Basi tukichambua mchele alinionesha: huyu mnene ndiye yule muuza samli, yule anayepiga miayo ni mume wa mshoni. Wazungu wote wale aliwageuza majirani zake! Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Nami niliamini kila neno.

Nilikuwa na miaka minane. Chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu walijisifu kwa bangili za Idi, mimi nikajisifu kwamba kwetu kuna picha ya kanisa, na watu wake bibi anawajua wote. Mwalimu akasikia, akamwambia ami yangu.

Ami alikuja baada ya alasiri, akambusu bibi kichwani kwa adabu zote.

"Mama, wallahi hii itatuaibisha. Washatwita Wazinjibari, bado kidogo watatwita Manasara wa kanisani."

"Ukumbusho wangu tu huo, mwanangu."

Akavunja kioo, karatasi akaitia tanurini. Bibi hakulia. Aliuliza nani kasema. Nilikuwa nimeshika pindo la kanga yake, nikainama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akalivuta pindo mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo alinisemesha Kiarabu tu. Kiarabu chake kilikuwa cha dukani, cha kuombea chumvi. Hakikuwa na muuza samli wala kicheko. Wajukuu wengine aliwahadithia Unguja yake, nikiingia mimi ananyamaza. Watu husema mtoto hana kosa. Mimi nilikuwa nalo, na linaniuma hadi leo.

Siku zake za mwisho nilimwinamia kitandani. "Shikamoo, bibi."

Alifumbua macho. "Waalaykum salaam," akajibu kwa Kiarabu chake cha dukani, akafumba macho.