Nyasi Nilizotandika Shuleni

Mwalimu Josia, daftari lako nimelipata, na penseli nimeipata, na sijafurahi. Nyanga nzima ina watu waliosoma mpaka wakavaa miwani, wewe unakuja kumsumbua mwanamke mzee aliyejifunza kusoma ili abatizwe tu. Nikiandika mstari mmoja mkono unauma kama nimelima. Halafu unanipangia na siku ya kumaliza, kana kwamba umeniajiri.

Unasema Alistidia anarudi kwao Muleba Jumapili ijayo, kwamba mtamuaga kanisani, na mnataka nieleze jinsi mimi Kokwijuka nilivyoondoa funza shuleni na yeye akanisaidia. Hapo ndipo uliponiudhi. Hilo neno "akanisaidia" nimekaa nalo siku tatu, hata ndizi zimeniungulia jikoni. Sasa nitaandika, lakini si ulichoomba.

Alistidia alikuja hapa miaka miwili baada ya nzige. Alitoka Muleba kwa miguu, mkeka kichwani, akafikia kwa kaka yake, Ta Aroni, aliyekuwa amehamia hapa. Mumewe alikuwa amemfukuza kwa sababu hakuzaa. Ninyi vijana hamjui maana yake zamani zile. Mwanamke wa namna hiyo alikaa pembeni kwenye kila ngoma, akala mwisho, na jina lake lilitajwa watu wakitaka kucheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na nyumba, nilikuwa na mume, Ta Rugaibula, kibarua wa miche ya kahawa kule Maruku anayerudi kila Jumamosi, na nilikuwa na Kokuberwa wangu, mtoto wa miaka minane.

Na nilikuwa na nyasi. Hapa sisi nyumba ni nyasi za sakafuni. Mgeni akiinama kuingia, kitu cha kwanza anachoona ni kama mwenye nyumba amezitandika au amezitupa. Zangu zililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na watu walitoka mpaka Kahororo kuja kuziangalia. Kwa hiyo shule ilipojengwa, ile ya zamani ya udongo na majani makavu ya migomba, nani mwingine angewaongoza kina mama? Kila Jumamosi tulikata nyasi kilimani, tukatandika darasani ambapo watoto walikaa chini. Nyumbani kwangu zilizochoka nilizitoa. Shuleni tuliweka mpya juu ya zilizochoka, wiki juu ya wiki, kwa sababu ile haikuwa nyumba ya mtu, na kwa sababu unene ule ulitupendeza. Zilifika kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa nasimama mlangoni najisifu.

Watoto wakaanza kutembea kwa visigino.

Mtoto mwenye funza hakanyagi kwa vidole, anakwenda kama bata. Wenzake walikuwa wanawaimbia, "Bata, bata, ziwa liko huku!" Wengine wakaacha kuja, maana kutoka Nyanga ya juu mpaka shuleni ni mbali kwa visigino. Ndipo dresa wa serikali, yule mfunga vidonda, akatoka mjini kwa baiskeli, amefunga nyuma debe la dawa nyeusi yenye harufu ya lami, pamoja na sabuni na pini. Akaingiza mkono chini ya nyasi zetu, akautoa, viroboto wa funza wakamrukia mpaka kiwiko. Akasema nyasi zote zitolewe, zichomwe, sakafu imwagiwe dawa kisha ipigwe udongo na kinyesi cha ng'ombe, na mtu mmoja akae mlangoni mara mbili kwa wiki kuangalia miguu. Aliuliza nani anaweza. Alistidia akanyoosha mkono. Kumbe kule Muleba alikuwa amefagia zahanati, akaona kazi inavyofanywa.

Jumapili baada ya ibada tukakutana nje. Nilisimama. Sikuombwa kusimama.

"Nyumba isiyo na nyasi imekosa mwanamke," nikasema. "Huyu aliyetoka kwa mumewe bila hata unyasi mmoja, leo atutolee zetu? Funza ni wa watoto wa nyumba chafu. Waoge kwao!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Clotilda, jirani yangu, akasema, "Ma Kokwijuka, utamuua bure!"

Alistidia hakukasirika. Alisema polepole, kwa heshima, "Waitu, mama, mimi sikujia nyasi. Nimejia vidole."

Maneno yake hayakusikika, kicheko kilikuwa kikubwa. Lakini mimi nilikuwa karibu, niliyasikia.

Nyasi zikabaki. Lile debe la dawa aliloliacha dresa nililichukua mimi mwenyewe toka nyuma ya mlango wa shule. Siafu walikuwa wameingia kwenye kibanja changu cha migomba, nikawamwagia dawa yote, wakafa, nikafurahi. Debe nikalisugua kwa majivu, likawa la kuchotea maji. Debe zuri. Lilidumu miaka sita.

Haukupita mwezi, Kokuberwa akaanza kutembea kwa visigino.

Niliona siku ile ile. Mama huona. Lakini ningesema nini, mimi niliyesimama mbele ya kanisa? Nikatangaza mtoto ana homa, nikamficha chumba cha ndani, gizani, nikawa namchokoa kwa mwiba bila kunawa mikono, nikimziba mdomo kilio chake kisisikike njiani. Mguu wa kushoto ukavimba. Ukabadilika rangi. Ukaanza kunuka. Baba yake alipokuja Jumamosi nilimwambia amejikata kwa jembe. Na Jumamosi hiyo hiyo, baada ya kumdanganya, nilikwenda kukata nyasi za shule, kama kawaida.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na mzigo wa nyasi kichwani, nikamkuta Alistidia amekaa mbele ya nyumba yangu, kando ya njia kabisa, mguu wa Kokuberwa uko mapajani mwake. Watoto wa shule ndio waliomwambia.

"Mwingize ndani!" nikapiga kelele.

"Ndani sioni."

"Watu wanapita!"

"Na wapite, mama. Sogea pembeni kidogo, unaniziba mwanga."

Kwangu. Ananiambia niondoke kwenye mwanga, kwangu. Na nilisogea. Nilisimama pale na mzigo kichwani, sikuutua, sijui kwa nini. Clotilda akapita na mtungi wake, akaona mguu, akaniona mimi, akainamisha macho akaenda zake. Nilitamani angecheka.

Alistidia akauliza, "Ile dawa ya debe iko wapi? Hata kidogo ingefaa."

"Niliwamwagia siafu."

Alinyanyua uso akaniangalia. Nilingoja neno. Nilikuwa na majibu kumi tayari, mnanijua. Akarudi kwenye vidole, halafu akasema, "Huu si wa pini tena. Huu ni wa hospitali." Akambeba mgongoni, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe, akaanza kutelemka kwenda mjini. Mimi nikatua mzigo, nikamfuata nyuma. Mikono mitupu. Mtoto wangu kwenye mgongo wa mwanamke niliyemsema hakuzaa.

Yanayofuata hakuna anayeyajua ila watu watatu.

Hospitalini tabibu alifungua mguu, akasema vidole viwili vimeoza, lazima vikatwe leo, na kama tungechelewa siku mbili ungekatwa mguu. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, wagonjwa wote kwenye mabenchi wanasikia, "Mama wa huyu mtoto ni nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua nne tu. Sikujibu.

Akauliza tena. Alistidia aligeuka akanitazama, akangoja, akanipa nafasi. Nilitazama ukuta.

"Nipo naye mimi, bwana," akasema.

Basi tabibu akamgeukia yeye. Akamwambia, mama gani wewe, mwanamke mchafu, mnyama anamlamba mtoto wake vidonda na wewe unamwacha aoze, hukustahili kuzaa. Akasema mengi. Alistidia akasimama ameinamisha kichwa, akajibu, "Ndiyo, bwana." Kila neno, "Ndiyo, bwana." Yeye, mtu aliyefukuzwa Muleba kwa sababu hana mtoto, akapigwa maneno ya mama mbaya mbele ya watu, na mama mbaya mwenyewe yuko mlangoni anahesabu nyufa za ukuta.

Tuliporudi nyumbani siku chache baadaye, Kokuberwa mgongoni kwake tena, mtoto akaniuliza, "Ma, mbona hukusema ni wewe?"

Nikamwambia nyamaza. Alinyamaza mpaka leo. Ameolewa Kahororo, anavaa viatu vya kufunga hata jikoni, na yeye humwita Alistidia mama mdogo.

Alfajiri ya Jumatatu iliyofuata nilikwenda shuleni peke yangu na jembe, nikang'oa nyasi zangu zote mpaka udongo, nikazichoma. Chini zilikuwa nyeusi, zinatembea kwa viroboto. Watu walipokuja wakakuta moshi, wakasema, "Ma Kokwijuka ameona mbali!" Mwalimu wa wakati ule akaandika kwenye kitabu cha shule kwamba mimi ndiye niliyeanzisha usafi. Nilimwona akiandika. Ningeweza kumzuia. Nikamuuliza kama jina langu ameliandika vizuri.

Tangu hapo kila Jumatatu na Ijumaa, miaka ishirini na zaidi, Alistidia amekaa kwenye mlango ule na karai lake la maji, sabuni na pini aliyoipitisha motoni. Watoto wanapanga mstari, wananyoosha miguu, anawatania, "Wewe vidole vyako vimekuja bila kuoga?" Anakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyempelekea kiti. Mimi napita, ananisalimu kwa heshima, "Waitu, mama," na mimi naitikia kama mtu anayestahili kusalimiwa. Neno la kumwambia nimelibeba njia nzima mara nyingi, nikifika pale naliacha.

Mwalimu Josia, sikiliza sasa. Jumapili soma daftari hili mbele yake, wote wamekaa, usiruke hospitali. Usinirekebishie maneno. Nitakuwa nimekaa benchi la mbele, na ukiruka nitajua, maana nimeyaandika mwenyewe na mkono umevimba. Kabla ya hapo, leo hii, futa jina langu kwenye kitabu cha shule, uandike lake. Na mtafute fundi atengeneze kiti, kizuri, chenye mgongo. Msimpe aende nacho Muleba. Mkiweke pale mlangoni penye lile jiwe, na wewe mwenyewe Jumatatu ukikalie, uanze na miguu ya mtoto wa kwanza atakayeingia.