Nilificha ng'ombe wanne kwenye karatasi ya kununua nyumba Misigiri, kidogo mama akose pa kukaa

Wakuu, habari za humu ndani.

Wanaonipa shikamoo nawaitikia marahaba, ila msinizeeshe sana, bado nasoma nyuzi zenu zote bila miwani. Nasema uongo, miwani ninayo. Yatakayofuata lakini si uongo, na hayanipi sifa yoyote, kwa hiyo sina sababu ya kuyatunga.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu. Ananunua nyumba, muuzaji kamwambia waandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ya uhamisho isiwe kubwa. Akauliza kuna ubaya gani. Nikasoma komenti kumi na kitu, zote "piga chini hiyo bei mkuu, kila mtu anafanya".

Nikasema ngoja niwape ya kwangu.

Ni zamani sana, miaka ile Azimio la Arusha bado jipya na watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kinyangiri, msichana, sijaolewa, mwenye kiburi cha cheti.

Baba alikuwa amefariki. Ndugu zake wakachukua mji na mashamba, kama ilivyokuwa desturi, mama akabaki na ng'ombe wanne wa kwake mwenyewe. Nikamchukua tukawa tunaishi wote kwenye nyumba ya shule.

Nyumba ya shule si yako. Ikija barua ya uhamisho una wiki mbili. Mimi ningekwenda kokote, hata Itigi huko. Je, mama? Hilo swali ndilo lililonifanya nitafute nyumba.

Nikasikia Mzee Msengi wa Misigiri anauza yake. Alikuwa fundi cherehani, vyumba viwili na baraza, bati juu, kiwanja kimepimwa na kina hati. Alikuwa amechaguliwa kiongozi kwenye kijiji kipya upande wa Nduguti, na wakati ule kiongozi hakutakiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Tena kule alikokwenda alitaka mifugo kuliko bati.

Tukaelewana. Fedha kidogo kutoka mshahara wangu, na wale ng'ombe wanne wa mama, majike watatu na dume mmoja. Mnielewe vizuri hapa: fedha ilikuwa kama chumvi. Nyumba hasa ilinunuliwa na ng'ombe.

Siku ya kuandikishana, mwandishi ni mimi. Nani mwingine, mwalimu yupo? Balozi wa nyumba kumi yupo, pombe ya mtama ipo. Nikaandika fedha, nikafika kwenye ng'ombe, Mzee Msengi akaniwekea mkono kwenye karatasi.

"Mwalimu, ng'ombe hawaandikwi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Fedha ni bei. Ng'ombe ni undugu. Leo ukiwaandika, kesho serikali inakuja kuwahesabu zizini. Na wewe huko Singida watakutoza ushuru juu yao. Unataka nini?"

Mama naye akaitikia kwa kichwa. Kwetu mtu hakuulizi una ng'ombe wangapi, na ukiulizwa husemi. Ng'ombe wanajulikana kwa rangi zao, kwa mama zao na kwa zizi walikotoka. Kuwaweka kwenye karatasi ilikuwa kama kumvua mtu nguo sokoni.

Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Lakini ile habari ya ushuru iliniingia, nikajiona mjanja kabisa.

Nikaandika fedha tu. Mama akaweka dole gumba, Mzee Msengi akasaini, balozi akasaini. Jioni ile ng'ombe wakaswagwa kwenda Nduguti.

Nifungue mabano kwa vijana. Msidhani zamani hakukuwa na kodi. Ardhi ilikuwa ya taifa, hukununua udongo, ulinunua kilichojengwa juu yake. Lakini nyumba ya kwenye kiwanja cha hati ulitakiwa uipeleke karatasi ya mauzo ikagongwe stempu, ulipe ushuru kulingana na bei iliyoandikwa, kisha usubiri kibali cha kuhamisha hati. Karatasi isiyolipiwa ilikuwa haisomwi mahakamani. Leo mna stamp duty ya mnunuzi, kodi ya muuzaji kwenye faida, uthamini na ada kibao. Shina ni lile lile: wanatoza kwa bei uliyoitaja.

Nikaenda Singida kwa lori la mtama. Afisa ardhi, mtu wa makamo, mpole, akaisoma karatasi mara mbili.

"Nyumba ya bati, vyumba viwili, bei ndiyo hii tu?"

"Ndiyo."

"Hakuna kingine mlichopeana?"

"Hakuna."

Akanitazama, akagonga stempu. Nililipa ushuru mdogo hadi nikabaki na hela ya kumnunulia mama kitenge. Akaniambia nisubiri kibali, kinaweza kuchukua miezi.

Mama akahamia Misigiri. Akapanda maboga nyuma ya nyumba, akaanza kufagia baraza mara tatu kwa siku. Sikuwahi kumwona amefurahi vile tangu baba afariki.

Miezi ikapita, kibali hakijatoka. Kisha Mzee Msengi akaugua, akafa.

Tulikwenda msibani, tukalia na mjane wake, Mama Debora. Alikuwa na mabinti tu, wote wameolewa mbali. Mdogo wa marehemu, anaitwa Gunda, ndiye aliyeshika mji.

Arobaini ilipopita tu, Gunda akafika Misigiri. Akamsalimia mama kwa adabu, shikamoo zote, akakaa barazani, akasema nyumba ya kaka yake iliuzwa kwa bei ya kutupa. Kibali hakijatoka, kwa hiyo haijauzwa. Amekuja na fedha yetu, ile ile iliyoandikwa, tuichukue tuhame.

Mama akamwambia, "Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe gani, mama?"

Niliposikia nikaenda mbio kwa katibu kata. Naye akaita kikao.

Wakuu, sijawahi kuaibika kama siku ile. Gunda aliweka fedha mezani, akaomba karatasi isomwe. Katibu kata akanipa niisome mwenyewe. Nikasoma mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, toka juu mpaka chini. Ng'ombe hakuna.

"Mwalimu," Gunda akasema taratibu, wala hakupandisha sauti, "karatasi uliandika wewe. Singida ulikwenda wewe, ukaulizwa bei, ukajibu. Ushuru ukalipa kwa hiyo bei. Sasa kama kulikuwa na ng'ombe, uliidanganya serikali. Kama hukuidanganya serikali, ng'ombe hawakuwepo. Chagua."

Nikamtazama balozi, aliyekunywa pombe yetu na kuwaona ng'ombe wakiswagwa. Balozi akasema yeye anajua kilicho juu ya sahihi yake. Simlaumu sana. Kusema alishuhudia mauzo ya kuficha ushuru kungemng'oa kwenye ubalozi.

Nami mwalimu, mtumishi, miaka ile ya kuhubiriwa uadilifu asubuhi na jioni, nikikiri nimedanganya ningeweza kufukuzwa kazi. Nikinyamaza, mama anatoka na bahasha ya fedha isiyonunua hata milango.

Katibu kata alitupa wiki mbili, tulete ushahidi au tuhame.

Njiani mama hakunilaumu. Hilo liliniuma zaidi. Aliniambia tu, "Wewe una kazi, usiiharibu. Mimi nitajua pa kwenda." Hakuwa na pa kwenda, na wote tulijua.

Kesho yake nikapanda lori kwenda Singida. Niliogopa, sifichi. Nilimkuta afisa yule yule.

"Nilikuja kwako nikakuambia hakuna kingine. Kulikuwa na ng'ombe wanne."

Akaweka kalamu chini.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Kisha akanieleza bila ukali. Kwa kuwa nimekiri, nitalipa ushuru wa thamani ya ng'ombe na faini juu yake, na barua itakwenda kwa mwajiri wangu. Lakini kukiri kwangu hakutoshi kunipa nyumba. Mnunuzi anaweza kusema alitoa ng'ombe ishirini. Anayetakiwa kusema ni mtu wa upande uliopokea, na muuzaji amekwisha kufa.

Kwa hiyo nikiipata nyumba nagharimika, na nikiikosa nagharimika. Nikakubali, nikaandika maelezo yangu, nikasaini.

Kwenye upande uliopokea alikuwa amebaki Mama Debora.

Mama akasema tukamwone. Tulifika kwake mchana, anapepeta mtama. Ng'ombe wetu tuliwaona wanarudi kunywa maji, mama akawatambua wote, na ndama mmoja akamjua kwa mama yake. Aliwatazama tu wakipita.

Nilimweleza Mama Debora yote. Nikamwambia sitaki ng'ombe, nataka aseme walikuja. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta.

"Gunda ndiye anayenilisha," akasema.

Nikataka kumbembeleza. Mama akanishika mkono, akasimama, akamuaga. Nilikasirika njia nzima. Nilimwambia mama kwamba tumetembea bure.

"Ulitaka nimwambie nini? Na yeye ni mjane."

Wiki mbili zikaisha. Kikao kikakaa. Gunda na fedha yake mezani. Katibu kata akasoma maelezo yangu ya Singida, watu wakaguna, nikainamisha kichwa. Akauliza kama upande wa marehemu una neno.

"Hatuna," akasema Gunda.

"Lipo."

Mama Debora alikuwa amesimama nyuma kwa wanawake. Sikumwona akiingia. Alikuwa ametoka kwake alfajiri kwa miguu.

Akaja mbele. Hakuhutubia. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja: mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, mweusi wa pembe iliyopinda, wa kijivu aliyezaa ndama jike, na lile dume. Akataja na siku walipoingia zizini, wote wanne kwa pamoja.

"Majike ninawakama mimi kila asubuhi," akasema. "Mume wangu aliniambia hawa ndio nyumba. Kama nyumba inarudi, na hawa warudi. Kama hawa hawarudi, mwacheni mwenzangu akae."

Gunda akamuuliza, "Shemeji, unajua unachosema?"

"Najua."

Katibu kata akachukua kalamu akawaandika, rangi kwa rangi. Alipomaliza akamsomea, Mama Debora akaweka dole. Balozi naye kumbukumbu ikamrudia ghafla, akaweka sahihi. Gunda akakusanya fedha yake.

Nililipa ushuru uliobaki na faini. Mshahara wangu ulikatwa mwaka mzima na zaidi, nikala ugali na mlenda hadi nikauchukia mlenda. Kazini nikapewa onyo la maandishi na kunyimwa cheo kilichokuwa mlangoni. Kibali kikatoka, hati ikaandikwa jina la mama. Alinitaka nimsomee jina lake peke yake, mengine hakuyajali.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

Bei unayoiandika ndiyo watakayokurudishia siku wakitaka kukutoa. Hapo hakuna ujanja. Ule ushuru niliouepuka ulikuwa ndio ulinzi wangu, na mimi niliuona hasara. Ukimtajia mtoza kodi nusu, umekwisha kujishuhudia kwamba ulinunua nusu, na muuzaji anayekushauri hivyo, hata akiwa mwema kama Mzee Msengi, ana ndugu.

La pili, usikae na karatasi ya mauziano ukadhani umemaliza. Fuatilia uhamisho mpaka hati isome jina lako. Jua mapema kodi ipi ni ya muuzaji na ipi ni yako, na muandike nani analipa nini. Kama kuna gari, shamba, mbuzi au kuku aliyeingia kwenye bei, aandikwe. Haya ya undugu yana uzuri wake, lakini undugu alikuwa nao Mzee Msengi, si Gunda.

Wenye uzoefu wa kodi za siku hizi ongezeeni, mimi nimestaafu siku nyingi na viwango vinabadilika. Na yule mwenzetu wa juzi kama bado hujasaini, njoo useme umeamuaje, hatutakucheka.

Najua kuna mtu atauliza Mama Debora aliishia wapi.

Gunda hakumpiga wala kumtukana. Aliacha tu kumpelekea nafaka. Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Debora akafika Misigiri na furushi moja kichwani, akasimama nje ya baraza. Mama akatoka, akampokea furushi, akaliingiza chumba cha pili.

Waliishi humo wote wawili miaka kumi na mitano, wakigombana kila siku juu ya chumvi. Mama alitangulia kufa. Mama Debora akabaki kwenye ile nyumba mpaka naye tulipomzika, na kwenye hati yote hakuna mstari hata mmoja unaosema alikuwa na haki ya kukaa.