Yogati ya Mamangu

Mamangu alizaliwa katika nyumba isiyokula nguruwe, akaolewa katika nyumba isiyokula nguruwe. Alipokuja Nairobi kumfuata baba, aliyekuwa karani wa reli, alikuta bucha ya nguruwe kwenye kona ya mtaa, akawa anazunguka njia ndefu ili moshi wake usimguse. Sisi watoto tulimcheka. Kanisa letu husali Jumamosi, na katazo hilo sisi tulilikuta tu, kama tulivyozikuta kuta za nyumba. Lakini mama aliahidi kulishika kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, siku aliyobatizwa mtoni. Miaka sitini akaishika ahadi hiyo.

Nayasema haya mapema kwa sababu nikiwasimulia watu, wengi huniambia, "Si ni kitu kidogo tu?"

Vidonda vya tumbo vilipomzidi, daktari alimwambia ale vyakula laini. Yogati ikamkubali. Kila Ijumaa nikitoka Gikomba, ninakouza mapazia ya mitumba, nilimpelekea nyumbani kwake Mowlem vikopo sita vya ladha ya stroberi. Viwili alikuwa akimpelekea jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu ambaye wamekaa pamoja miaka ishirini na ushee. Mumewe alikuwa mgonjwa wa koo. Mwezi wake wa mwisho, mzee yule hakuweza kumeza kitu kingine. Mama alikuwa akimnywesha kwa kijiko, mkewe akimshika kichwa.

Mzee alizikwa. Miezi mitano baadaye, Jumamosi moja, binamu yangu alitutembelea kutoka Mukuru kwa Reuben. Anafanya kibarua katika viwanda vya Industrial Area, leo hapa, kesho pale. Mama alimwandalia wali na maharagwe, kisha akamwekea kikopo cha yogati mezani na kwenda chumbani kupumzika. Binamu alikisukuma kando.

"Mi hiyo siguzi, dada."

"Kwani ina nini?"

"Nilibeba magunia yake mwezi mzima. Ule unga wanaoweka ishikane. Kwa gunia kuna neno la Kizungu nilikuwa silijui, nikauliza supavaiza. Akaniambia ni ngozi ya nguruwe. Inachemshwa, inakaushwa, inasagwa."

Nilikichukua kikopo nikakisoma. Maziwa, sukari, ladha, rangi. Halafu herufi moja na tarakimu tatu. Basi. Nguruwe mzima amefichwa nyuma ya tarakimu tatu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na umekuja hapa mara ngapi, ukamwona shangazi yako akila?"

Aliinamisha kichwa. "Niliona haya kusema. Nilidhani labda mnajua."

Nilimfukuza. Sijivunii, lakini nilimfukuza na chakula kikiwa mezani.

Jumatatu sikufungua kibanda. Nilikwenda hadi kwenye geti la kiwanda kinachotengeneza yogati hiyo, nikasimama juani hadi saa sita, askari akiniambia nirudi kesho, nami nikimwambia siendi popote. Mwishowe alitoka kijana mwenye beji shingoni, anayeshughulikia malalamiko ya wateja.

"Madam, umedhurika? Umeharisha?"

"La."

"Imekuwashawasha mwilini?"

"La."

"Sasa malalamiko yako ni gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari za mamangu, na za mzee wa mlango wa pili. Alinisikiliza huku akiitazama simu yake.

"Tumeandika kila tunachotakiwa kuandika," akasema. "Iko pale kwa kikopo."

"Imeandikwa kwa lugha ya nani? Mamangu amesoma hadi darasa la nne. Mimi nimemaliza kidato cha nne na sikuielewa. Neno nguruwe lina herufi saba tu. Mlikosa nafasi ya herufi saba?"

Alirudi ndani. Nilidhani amekwenda kumwita mkubwa wake. Alitoka na katoni nzima ya yogati, akaniwekea miguuni. "Hii ni zawadi, madam. Pole kwa usumbufu."

Stroberi.

Niliiacha palepale na kuondoka. Nyuma yangu nilimsikia askari akimuuliza, "Kama hataki, naweza kuchukua?"

Usiku ule nilijiuliza kama nimwambie mama au ninyamaze. Kumnyamazia kungekuwa kuungana na wale wa kiwandani. Kesho yake nikamwambia, akiwa anachambua mchele kwenye ungo. Mikono yake ilisimama. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na mzee?"

"Naye pia, mama. Ni ileile."

Alivaa kitambaa chake cha kichwa, akanishika mkono, tukaenda mlango wa pili. Nilimwomba aniache niseme mimi, akakataa.

"Dadangu," akamwambia jirani, "mkono huu ulimlisha mume wako nguruwe. Sikujua. Ilikuwa ndani ya yogati."

Jirani alituvutia viti tukae. Kisha akasema, "Asiyejua hana dhambi. Mzee hana na wewe huna." Akafuta uso kwa pembe ya leso yake. "Lakini heri ungeniachia nisijue. Sasa nikimkumbuka nitaona kile kijiko. Watoto wasisikie neno hili."

Mama alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Wiki ile Jumamosi ilifika na hakwenda kanisani. Mchungaji alikuja kumweleza kwamba Mungu hutazama moyo. Mama alimjibu, "Hilo nalijua, mchungaji. Mungu sina ugomvi naye." Jumamosi iliyofuata akaenda.

Jirani hakula chakula cha jikoni mwetu kwa miezi miwili. Alisalimia, aliuliza hali, lakini sahani ya mandazi aliyopelekewa aliirudisha tupu, imeoshwa, bila kutia chochote chake ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama aliipokea, akairudisha kabatini. Halafu asubuhi moja jirani aligonga akiwa na maziwa freshi ya kwenye mtungi, akamwonyesha mama namna mamake mwenyewe alivyokuwa akiyagandisha. Sasa wanagandisha pamoja, na mama anakula hayo.

Binamu nilimpigia simu kumwomba radhi. Kati ya wote, ni yeye peke yake aliyefungua mdomo, japo alichelewa.

Mimi bado nina hasira. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe, nami nawauliza nimsamehe nani, kwa kuwa hakuna aliyekubali kwamba amekosa. Siku hizi nasimama dukani nikisoma peremende, biskuti, hata vidonge vya dawa vile vyenye ganda laini. Mwenye duka huniuliza, "Mama, unanunua au unasoma?" Humwambia nasoma, na watu walio nyuma yangu kwenye foleni wangoje.